Tulibaki kwenye benchi, mlango ukafungwa: je, kesi ya mpwa wangu ni batili?

Swali: Assalaam aleikum, wakili mwanangu. Mimi ni mama wa miaka 63, naishi Kisauni. Mpwa wangu, mtoto wa marehemu kaka yangu, ana kesi ya wizi wa mabavu na yuko rumande kwa sababu dhamana ilitushinda. Hana wakili. Mwezi uliopita kesi ilipangiwa kusikilizwa. Tulikwenda watu wanne, tukafika saa mbili kasorobo. Askari wa mlangoni akatwambia leo hakimu anakaa chemba, ndani hamna nafasi, tungojee kwenye benchi. Mlango ukafungwa. Tulipokuja kujua, shahidi amekwisha kutoa ushahidi na kwenda zake. Sasa tumeambiwa tarehe ijayo itakuwa kwa mtandao. Kijana wa jirani anasema Katiba inataka kesi iwe ya wazi, kwa hivyo yote haya ni batili na mtoto ataachiliwa. Ni kweli?

Jibu: Waalaikum salaam, mama. Kijana wa jirani amesema nusu ya kweli. Kifungu cha 50(2)(d) cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa kila mshtakiwa haki ya kesi yake kuendeshwa hadharani, mbele ya mahakama iliyoundwa kwa mujibu wa Katiba yenyewe. Hapo yuko sawa kabisa. Lakini kutoka hapo hadi "mtoto ataachiliwa" ni safari, na njiani kuna mto ambao wengi huzama: siku ile mlango ulipofungwa, kuna aliyesema neno likaandikwa?

Nitalirudia swali hilo. Kwanza tuitazame hiyo chemba, yaani ofisi ya hakimu.

Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, sehemu ya 77, inasema mahali popote mahakama ya jinai inapokaa kusikiliza kesi pahesabiwe kuwa mahakama ya wazi, ambamo umma una ruhusa ya kuingia kwa kadiri nafasi inavyowatosha. Soma tena yale maneno "mahali popote". Haisemi ukumbi wenye nembo ya taifa na kizimba cha mbao. Hakimu akihamia chemba kwa sababu ukumbi umechukuliwa na mwenzake, au paa linavuja, au umeme umekatika, ile chemba ndiyo korti kwa saa hizo. Meza yake ya faili na kikombe chake cha chai viko mahakamani. Na kwa kuwa ni korti, mlango wake ni mlango wa umma.

Nilipoanza kazi hii nilikuwa na kesi katika korti ambayo sitaitaja, mji mdogo, ukumbi mmoja kwa mahakimu wawili. Wetu alikaa chemba siku tatu kwa wiki. Mlango ulifungwa kwa sababu moja tu: kulikuwa na feni ya mezani, na ukiacha mlango wazi upepo wa baraza unapeperusha karatasi. Hakuna aliyekusudia siri. Nikasimama, nikasema kwa heshima zote kwamba mama wa mteja wangu yuko nje na angependa kuingia, na ningeomba mlango uachwe wazi. Hakimu alinitazama kidogo, kisha akamwita karani, karani akachukua jalada nene la kesi iliyokwisha, akalisukuma kwa mguu chini ya mlango kama kabari. Basi. Kuanzia siku hiyo lile jalada lilikaa pale mlangoni. Nakueleza hili ili ujue kwamba mara nyingi mlango hufungwa kwa mazoea, na mazoea huondoka mtu akiyataja.

Sasa hilo la nafasi. Si uongo, korti zetu ni finyu. Chemba inaweza kuwa na meza, hakimu, karani, kiongozi wa mashtaka, mshtakiwa na askari wake, shahidi, pamoja na televisheni iliyoibwa ikiwa kielelezo. Watu wanne wa familia moja huenda kweli wasitoshe, na sheria inalikubali hilo. Lakini kutotosha wanne si sababu ya kumkosesha mmoja. Hapo ndipo ningembana yule askari: wewe mama peke yako, kwenye kiti cha plastiki pembeni, ungemzuia nani?

Kuna kesi ya Marekani ambayo naipenda kwa sababu imefanana na yako kama pacha. Haitufungi sisi, lakini mahakama zetu husoma za wenzao wakati Katiba zimeandika jambo lile lile, na Katiba yao ina haki hii tangu mwaka 1791. Huko jimbo la Georgia, kijana mmoja, Presley, alishtakiwa kwa dawa za kulevya. Siku ya kuchagua wazee wa baraza, yaani raia wanaoamua kama mshtakiwa ana hatia, jaji aliona mtu mmoja tu ameketi upande wa watazamaji. Akamuuliza ni nani. Ni mjomba wa mshtakiwa. Jaji akamwambia atoke, atoke hata kwenye ghorofa ile, kwa sababu viti vinahitajiwa na watu 42 wanaokuja kuchaguliwa. Wakili akapinga pale pale. Baadaye akaleta ushahidi kwamba 14 wangekaa kwenye viti vya wazee wa baraza na 28 waliobaki wangeenea upande mmoja wa ukumbi, upande wa pili ukabaki mtupu kwa umma. Kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu ya nchi nzima, na Januari 2010 ikamwondolea Presley hatia, kwa sababu ya kiti cha mjomba. Majaji walisema ni wajibu wa mahakama yenyewe kutafuta njia ya kuuweka umma ndani, hata kama hakuna aliyependekeza njia hiyo. Wazee wa baraza Kenya hatunao tena, lakini mjomba na shangazi tunao.

Labda unajiuliza: kukaa kwangu pale ndani kungemsaidia nini mtoto, na mimi sijui sheria? Kungemsaidia zaidi ya unavyodhani. Niliwahi kumtetea kijana ambaye shahidi aliapa kumwona usiku, saa tano, kwa mwanga wa taa ya barabarani mbele ya duka. Maelezo yamenyooka, hana wasiwasi. Nilimhoji nikachoka, sikupata ufa. Tulipotoka kwa mapumziko, mzee mmoja ambaye sikuwahi kumwona, amekuja kortini kwa kesi ya shamba lake na akaingia kwetu kupoteza muda, akanivuta shati. "Wakili, taa gani hiyo? Ile nguzo imesimama bila taa tangu mvua za mwaka juzi." Tulileta watu wawili wa mtaa ule na barua ya walioisimamia taa. Kesi ikaisha. Mzee yule hakuitwa na yeyote. Aliingia tu kwa sababu mlango ulikuwa wazi. Kila nikisikia mtu akisema umma kortini ni pambo, namkumbuka yeye na kanzu yake iliyochanika kwapani.

Na shahidi naye hubadilika. Ni rahisi kumsingizia mtu ndani ya chumba chenye watu sita usiowajua. Mbele ya jirani anayejua ulikuwa wapi usiku ule, mate hukauka. Hakimu vilevile, maana anajua akimkemea mshtakiwa asiye na wakili, kuna macho yanayomtazama. Mawakili tunayo methali yetu ya Kiingereza, tunaitumia mpaka imechakaa, kwamba haki isitendeke tu bali ionekane ikitendeka. Ilitoka kwa jaji Hewart wa Uingereza mwaka 1923, katika kesi ya ajali ya pikipiki, na cha kuchekesha ni kwamba haikuhusu mlango uliofungwa hata kidogo. Ilimhusu karani wa mahakama aliyeingia chumbani na mahakimu wakati ofisi yake ya uwakili ilikuwa inamdai fidia yule mwendesha pikipiki. Mahakimu hawakumuuliza karani neno. Hukumu ikafutwa vilevile, kwa sababu aliye nje angeshuku.

Nchi yetu imejifunza somo hili kwa ubaya. Mwaka 1952 serikali ya kikoloni iliwashtaki Jomo Kenyatta, Bildad Kaggia, Fred Kubai, Paul Ngei, Kung'u Karumba na Achieng Oneko kwa kusimamia Mau Mau. Kesi ilikuwa ya wazi, kwa karatasi. Waandishi wa habari kutoka ng'ambo walikaa ndani. Lakini ilipelekwa Kapenguria, karibu kilomita 400 kutoka Nairobi, katika eneo ambalo huingii bila kibali, kwenye darasa la shule. Hapakuwa na hoteli, kwa hivyo mawakili wa utetezi akina D. N. Pritt walilala Kitale na kusafiri kila siku. Wananchi waliowajua washtakiwa na kuwajua mashahidi walibaki mikoani kwao. Shahidi mkubwa, Rawson Macharia, aliaminiwa kuliko mstari mzima wa mashahidi wa utetezi, na tarehe 8 Aprili 1953 Kenyatta akahukumiwa miaka saba ya kazi ngumu. Mwaka 1958 Macharia aliapa kwamba ushahidi wake ulikuwa wa uongo. Sisemi umati wa watu ungemzuia kusema uongo, maana waandishi walikuwamo na alisema. Nasema tu kwamba waliopanga mahali pale walijua thamani ya umbali. Mlango unaweza kuwa wazi na bado usifikike, na ndiyo maana mimi hunung'unika kila kesi nzito inaposikilizwa kando ya ukuta wa gereza, hata kama sababu ya usalama ni ya kweli.

Kisha yakaja ya Mwakenya, harakati ya siri iliyoipinga serikali, kati ya 1986 na 1988. Watu walikamatwa, wakawekwa kwenye vyumba vya chini vya Nyayo House, jengo la serikali Nairobi, siku nyingi bila ndugu wala wakili kujua waliko, wakateswa. Halafu wengi walifikishwa mahakamani Nairobi jioni, korti zimekwisha pungua watu, wakakiri makosa na kufungwa pale pale. Katiba ya wakati ule nayo ilitaka kesi ziwe hadharani. Mlango haukufungwa kwa ufunguo. Saa ilichaguliwa tu. Walioandika Katiba ya 2010 walikuwa na kumbukumbu hiyo, na ndiyo maana Kifungu cha 25 kimeiweka haki ya kesi ya haki katika kundi dogo la haki ambazo haziwezi kupunguzwa na sheria yoyote.

Hata hivyo kile Kifungu cha 50 chenyewe, ibara ya 8, kinaacha kidirisha. Waandishi wa habari na umma wanaweza kutolewa pale inapolazimika, katika jamii huru ya kidemokrasia, ili kuwalinda mashahidi au watu walio hatarini, maadili, utulivu wa umma au usalama wa taifa. Neno zito hapo ni "inapolazimika". Hailazimiki kwa sababu ya feni.

Mahali ninapokubali mlango ufungwe bila kunung'unika ni mtoto aliyenajisiwa anapotoa ushahidi. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 inamruhusu hakimu kumtangaza kuwa shahidi aliye hatarini na kumsikiliza faragha, au nyuma ya pazia, au kupitia mtu anayemzungumzia, na kukataza jina lake lisitangazwe. Wenzetu Tanzania wamekwenda mbali zaidi. Tangu sheria ya makosa ya kujamiiana ya 1998, ushahidi wa kesi hizo huchukuliwa faragha kwa amri ya sheria yenyewe. Mimi naona wetu ni bora kidogo, kwa kuwa hakimu analazimika kufikiri kuhusu shahidi aliye mbele yake, ingawa nimeona pia mahakimu wasiofikiri. Mshtakiwa akiwa ni mtoto, nako mlango hufungwa kwa wengi. Wazazi au walezi huingia, na wale hakimu aliowaruhusu. Kwa hivyo kama mpwa wako hajatimiza miaka 18, niambie haraka, maana jibu langu litabadilika sana na hapaswi hata kuwa katika korti hiyo.

Iko pia Sheria ya Kuwalinda Mashahidi ya 2006. Katika kesi ya wizi wa mabavu inawezekana kabisa shahidi ametishwa. Lakini njia yake inajulikana: ombi linapelekwa, hakimu anasikiliza, anatoa amri yenye sababu, na mshtakiwa haondolewi. Anayeondolewa ni umma, kwa muda wa ushahidi huo tu. Hukumu nayo, hata kesi iwe ya faragha vipi, sehemu ya 168 ya Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inataka isomwe au kiini chake kielezwe katika mahakama ya wazi. Kama siku ile hakimu alitoa amri ya namna hiyo, itakuwa imeandikwa kwenye mwenendo wa kesi. Kama haikuandikwa, basi haikuwapo, na maneno ya askari mlangoni si amri ya mahakama. Askari wa korti anatekeleza amri. Yeye hafungi kesi.

Hata amri ikiwapo, ina mpaka. Wamarekani wana kesi nyingine, Waller, ya 1984. Upande wa mashtaka uliomba umma utolewe kwa sababu kulikuwa na kanda za simu zilizonaswa, zenye majina ya watu wasiohusika. Jaji akafunga ukumbi kwa siku saba. Kanda zilizochezwa hazikufika muda wa saa mbili na nusu. Mahakama ya Juu ikauliza kitu ambacho hata mpishi angeuliza: kama chumvi inahitajika kwenye mchuzi, mbona umeitia hadi kwenye chai? Hayo ni maneno yangu, si yao, lakini maana ni hiyo. Anayetaka mlango ufungwe lazima aonyeshe madhara yanayokuja, ufungwe kwa kiasi hicho tu, mahakama iangalie kama kuna njia nyingine, na iandike sababu zake. Nikiwa mbele ya hakimu wetu na Kifungu cha 50(8) mkononi, hoja zangu huwa ni hizo nne.

Naingia sasa kwenye lililokuleta. Ni batili?

Si moja kwa moja. Sehemu ya 382 ya ile Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inasema hukumu haitenguliwi kwa kosa la utaratibu ila kosa hilo liwe limesababisha haki kupotea, na mahakama ya rufaa itatazama kama pingamizi lingeweza na lilipaswa kutolewa mapema. Ule ndio mto niliokutajia mwanzoni. Ukikaa kimya leo, ukaja kulia baada ya hukumu, jaji wa rufaa atakuuliza: mbona hukusema? Mwaka 2017 Marekani walikuwa na kesi ya Weaver, kijana aliyekuwa na miaka 16 aliposhtakiwa kwa mauaji. Mama yake na mhubiri wake walizuiwa mlangoni siku mbili wazee wa baraza walipokuwa wanachaguliwa, kwa sababu ile ile, ukumbi umejaa. Wakili wake hakupinga. Kijana alipokuja kulalamika baadaye, mahakama ile ile iliyomwondolea Presley hatia ikakataa kumpa yeye kesi mpya. Mjomba wa Presley na mama wa Weaver walifukuzwa sawasawa. Aliyetofautisha kesi zao ni wakili aliyesimama na yule aliyeketi. Kisheria kuna maelezo mengi ya tofauti hiyo, na si yote yananiridhisha.

Na hata mkishinda hoja hii, zawadi yake kwa kawaida ni kesi kuanza upya. Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ilikwisha kueleza mwaka 1966, katika kesi ya Fatehali Manji, kwamba kesi ikiwa ilikuwa na kasoro kubwa, kusikilizwa upya huamriwa pale haki inapodai hivyo. Mtoto hatoki tu akaja nyumbani. Mpe habari hiyo kijana wa jirani kwa upole.

Kwa bahati kesi yenu bado haijafika kwenye hukumu, kwa hivyo dawa ipo na ni nyepesi. Tarehe ijayo, kabla shahidi mwingine hajaapa, mpwa wako aseme. Hana wakili, basi mdomo ni wake mwenyewe. Mpelekee maneno siku ya kumtembelea rumande, ayashike kama anavyoshika dua: "Mheshimiwa, siku ile shahidi wa kwanza alipotoa ushahidi, jamaa zangu walizuiwa kuingia na mlango ulifungwa. Hapakuwa na amri. Naomba iandikwe, na naomba shahidi huyo aitwe tena asikilizwe mlango ukiwa wazi." Sehemu ya 150 inampa hakimu uwezo wa kumwita tena shahidi wakati wowote kabla kesi haijamalizika. Huenda akakubali, huenda akakataa. Akikataa, hilo pia limeandikwa, na Mahakama Kuu ina uwezo wa kulipitia jalada hata kabla ya rufaa. Muhimu ni neno "iandikwe". Awe na subira na asizungumze kwa hasira. Mahakimu wengi, wakiambiwa jambo hili vizuri, huwa wa kwanza kushtuka, maana wao hawakujua mko nje. Nimeona hakimu akimwita askari mbele ya korti nzima na kumuuliza nani alikutuma.

Wewe nawe andika. Tarehe, saa, namba ya kesi, maneno ya askari, majina ya mliokuwa nanyi. Andika leo kabla hujasahau, kwa Kiswahili chako, utie sahihi. Barua moja peleka kwa hakimu mkuu wa kituo kupitia masjala, nakala yako wapige muhuri. Ikikwama, iko ofisi ya malalamiko ya Idara ya Mahakama, na kila kituo kina Kamati ya Watumiaji wa Mahakama, ambamo mambo ya milango na viti hutatuliwa haraka kuliko unavyodhani. Na kuhusu wakili: wizi wa mabavu adhabu yake kwa sheria ni kifo. Kifungu cha 50(2)(h) kinamtaka mshtakiwa apewe wakili na serikali ikiwa bila hivyo atadhulumiwa pakubwa, na ofisi ya Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria iko hapo Mombasa. Nenda kesho, usingoje tarehe. Ningekuwa na nafasi ya kukupa ushauri mmoja tu katika barua hii nzima, ningekupa huo.

Jambo moja nikuulize kabla sijaendelea. Kuna yeyote kati yenu wanne anayetarajiwa kuwa shahidi wa utetezi? Kwa mfano wewe mwenyewe, kusema kwamba usiku ule alilala kwako? Kama ndiyo, hapo askari alikuwa na haki ya kumweka huyo nje, hata kama hakujua. Shahidi hukaa nje mpaka zamu yake, asije akasuka maneno yake kwa kuwasikia wenzake. Ukiketi ndani kisha ukapanda kizimbani, kiongozi wa mashtaka atakuuliza ulikuwa wapi wenzako wakisema, na ushahidi wako utashuka bei. Amueni mapema nani ni jicho na nani ni shahidi.

Kesi ya mtandao ni ya wazi vilevile, au inapaswa kuwa hivyo. Tangu korti zipunguze shughuli Machi 2020 kwa sababu ya korona, kusikiliza kwa Teams, programu ya mikutano ya video, kumebaki, na mpwa wako ataonekana kutoka gerezani kwenye kioo, akiwa mdogo kama picha ya pasipoti. Mimi sipendi sana kusikiliza mashahidi kwa njia hii katika kesi nzito. Huoni mikono ya shahidi, hujui nani amesimama nyuma ya kamera. Mwambie mpwa wako kwamba anaweza kuomba shahidi aje kortini ana kwa ana, na aseme sababu, kwa mfano kama ni kesi ya kutambuliwa sura: anataka hakimu amwone shahidi akimtazama. Lakini ikiendelea kwa mtandao, kiungo cha kuingilia ndicho mlango, na kunyimwa kiungo ni kufungiwa mlango. Huwekwa pamoja na orodha ya kesi za siku. Usipokiona, nenda masjala siku moja kabla, ukiwa na namba ya kesi, umwombe karani akuandikie. Akikataa, andika jina lake na saa.

Kurekodi ni jambo jingine. Haki ya kutazama haikupi ruhusa ya kupiga picha wala kunasa sauti, kortini au kwenye kioo, bila hakimu kukubali. Kijana wa jirani asije akarusha kesi kwenye TikTok akakuletea balaa jingine. Daftari na kalamu hakuna anayekukataza.

Siku yenyewe ingia robo saa mapema, kwenye cyber kama simu yako haina bando. Zima maiki na usiiwashe hata kwa salamu. Na pale panapouliza jina, usiache "Samsung A05" wala "Mama Nyumba". Andika jina lako la kitambulisho, na mbele yake namba ya kesi na neno "familia", kwa sababu karani akiona mtu asiyemtambua humtoa, na akikutoa kwa namna hiyo sitakuwa na la kumlaumu. Ukitolewa ukiwa umejitambulisha, ingia tena, uandike saa.